Mwaka Niliompinga Mzee Soko

Mzee Anselmi Soko tulimzika Ruhuwiko mwezi uliopita, na mimi nilicheka msibani. Nilicheka kwa sauti, nikakaa kwenye mkeka wa wafiwa nikauliza huyu Mngoni amekufa lini mbona hakuniaga, na vijana waliotoka Dar es Salaam na miwani yao myeusi wakanitazama kama mtu aliyekunywa. Mjukuu mmoja alinifuata, akanishika mkono kwa adabu. "Bibi, shikamoo. Twende ukapumzike nyuma kidogo." Mama Soko, ambaye siku hizi macho yake hayaoni vizuri, alinitambua kwa sauti. "Mwacheni," alisema. "Huyo ni Mhehe wetu. Kazi yake ndiyo hiyo." Vijana hawakuelewa, na siwalaumu. Siku hizi utani wa makabila umebaki maneno ya kwenye harusi. Mtu anasema "mtani wangu," kisha anakaa kimya kama vile amemaliza. Sisi tuliishi nao. Mimi na marehemu tuliishi nao mpaka ukatufikisha ofisi ya serikali, na nusura unifukuzishe mimi kazi na yeye umfukuzishe nchini. Tangu nitoke msibani nimekuwa nikiukumbuka mwaka ule, na naona bora niuandike kabla na mimi sijachekewa.

Ya ukoo wangu na utoto wangu nayaacha, hayahusiki. Nilishuka Songea mwezi wa kwanza nikiwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu mpya wa shule ya msingi, natoka Iringa na sanduku la bati na barua ya kupangiwa kituo. Zilikuwa enzi za ruksa. Miaka michache nyuma watu walipanga foleni kwa kipande cha sabuni; sasa sokoni kulikuwa na mitumba, redio kaseti, vikombe vyenye maua, kila kitu kilikuwepo isipokuwa hela ya kukinunulia. Mwalimu mkuu alinitafutia chumba kwa Mzee Soko, seremala, mtu mfupi mwenye kifua kipana na penseli nyuma ya sikio hata akiwa kanisani. Aliponiuliza natoka wapi nikamjibu, hakunikaribisha. Aligeukia ndani akamwambia mkewe, "Mama, mfungie mbwa ndani. Wameniletea Mhehe." Wahehe husemwa tunakula mbwa. Nilikuwa nimechoka na safari, lakini kwa jambo hilo Mhehe hachoki. Nikamwambia nimefuata ng'ombe wa babu yangu, anioneshe zizi lilipo. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya ubao. Kwa asiyejua: mababu zetu, Wahehe na Wangoni, walipigana sana na kunyang'anyana mali, kisha wakapatana, na katika kupatana wakatuachia utani. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kula kwenye sahani yako na kucheka msibani kwako. Wewe huruhusiwi kukasirika, naye haruhusiwi kuomba radhi. Mama Soko naye alikuwa Mngoni, mzaliwa wa Mpitimbi, lakini yeye nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, kwa sababu ndiye aliyeshika mwiko, na mwenye akili hamtanii aliyeshika mwiko. Mzee nilimwamkia, "Hujafa tu?" Naye alinijibu, "Nakungoja utangulie."

Chumba changu kilikuwa pia ghala la karakana yake. Vitanda vilivyokwisha vilisimamishwa humo vikingoja wanunuzi, na mimi nililala kwenye kimojawapo. Mnunuzi akija, natolewa. Nilibadilisha vitanda mara tisa mwaka ule. Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta godoro langu limeegemezwa ukutani na shuka zimekunjwa vizuri juu ya sanduku, na Mama Soko amesimama mlangoni na uso wa kuomboleza. "Mwanangu, chako kimeondoka na bwana mmoja wa korosho kutoka Nalasi. Kuna cha futi nne pale, ila vanishi haijakauka." Nililala chini siku mbili, na sikumbuki kuwa nilinung'unika. Nyumba ile ilinukia mbao mbichi na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kukaanga, na jioni ugali ulipotua mezani mimi na Mzee tuligombania ukoko kama watoto. Nilikuwa na furaha, nasema wazi. Sijawahi tena kulala vibaya hivyo na kuamka vizuri hivyo.

Mwezi wa tatu Mzee alikwenda kulipia leseni ya karakana. Fomu ya mwaka ule iliuliza mahali pa kuzaliwa, jambo ambalo ya zamani haikuliuliza. Aliandika kweli: Mzimba, Nyasa, yaani Malawi, alikozaliwa kati ya Wangoni wa upande ule. Huku aliingia akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akimfuata fundi aliyekuwa akitengeneza mabenchi ya makanisa. Akaoa, akazaa, akalipa kodi, akabeba kadi ya chama, akapiga kura, na hakuna aliyewahi kumuuliza lolote. Karani wa leseni aliisoma ile fomu mara mbili, kisha akamwonesha njia ya kwenda kwa Afisa Uhamiaji. Jioni ile Mzee hakugombania ukoko. "Wamesema mimi mgeni," alisema.

"Mgeni wa nani?" Mama Soko aliuliza.

Akatueleza. Alipewa mpaka mwisho wa mwaka achague: aombe uraia, ule wanaouita wa tajnisi, na afanyiwe usaili kuona kama anaijua nchi, au alipie kibali cha mgeni, ambacho ada yake ingemeza karakana nzima pamoja na misumari, au arudi kwao. "Kwetu wapi?" alituuliza, kana kwamba sisi ndio tuliomwambia. "Mama yangu alishakufa. Nikirudi leo Mzimba nitabisha hodi mlango gani?" Mama Soko aliinuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mimi nilikaa na tonge mkononi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliniletea kaunta buku jipya akaniambia niandike bajeti. Hakuhesabu kwa shilingi. Shilingi miaka ile ilikuwa ikilala na thamani moja na kuamka na nyingine, lakini kitanda kilipanda bei sawasawa na vitu vingine, kwa hiyo aliona kipimo cha kuaminika ni kitanda. Nikaandika alivyonitajia. Fomu ya maombi, mguu mmoja wa kitanda. Picha za pasipoti, mguu wa pili. Kiapo mbele ya hakimu, nusu kitanda. Tangazo gazetini, ambalo sheria ilitaka litoke mara mbili, kitanda kimoja na nusu. Nauli ya kufuatilia faili Dar es Salaam likikwama, vitanda viwili. Cheti chenyewe, vitanda sita vya mninga. Mama Soko akasema niongeze shati jeupe la usaili. "Wanatafuta raia au bwana harusi?" Mzee aliuliza. "Andika, Mwalimu," alisema Mama Soko, nikaandika. Mwishoni Mzee akataja masomo yangu, maana mimi ndiye ningemfundisha: "Mwalimu, bure, kwa sababu anakula sana." Hilo nalo nililiandika neno kwa neno.

Basi tukafunga mikanda. Nyama ya Jumapili ikaondoka, sukari ikaondoka, chai tukanywa na kipande cha muwa. Nililipa kodi ya chumba ya miezi mitatu mbele, na Mzee akaipokea bila asante, kama mtani anavyopaswa. Masomo tulifanyia karakanani, saa kumi na moja jioni, yeye anapiga randa na mimi nimekaa juu ya magogo nauliza. Rangi za bendera na maana zake. Ziwa lipi liko wapi. Mwenge uliwashwa juu ya mlima gani. Wimbo wa taifa aliujua kuliko mimi. Mikoa ndiyo iliyomshinda, mpaka siku alipoamua kuikariri kwa mbao zake. "Tabora, mninga," alisema huku maranda yakimwagika miguuni. "Tanga, mvule. Iringa, misonobari na watu wabaya." Nilimwambia akijibu hivyo kwenye usaili atafungwa. Akasema atajibu hivyohivyo, na atamwomba afisa athibitishe kuhusu Iringa.

Kufikia mwezi wa nane tulikuwa tumeuza vitanda vya kutosha, na fomu ikaenda na picha zake, ambazo alitoka amekaza uso kama anayengojea sindano. Mwezi wa tisa tangazo likatoka. Gazeti lilifika kwa basi limechelewa siku mbili, na majirani walikuja kulitazama: jina lake, kazi yake, mtaa wake, na chini yake maneno kwamba anaomba uraia, na kwamba yeyote anayejua sababu ya kumnyima aandike kuieleza. Mama Soko alilipiga pasi lile gazeti. Mchana ule alichinja kuku, wa kwanza tangu mwezi wa tatu, na nafikiri ni yule kuku aliyenilevya, maana pombe haikuwepo. Baada ya kula nilichukua karatasi ya mistari nikaandika pingamizi, kwa lugha rasmi kabisa, na kumbukumbu namba juu. Niliandika kwamba mimi, raia wa kuzaliwa, napinga vikali mwombaji kupewa uraia, kwa kuwa ukoo wake uliiba ng'ombe wa babu yangu na hadi leo haujarudisha hata kwato. Kwa kuwa mwombaji hula panya na kuwanyima wageni wale walionona. Na kwa kuwa vitanda vyake hupiga kelele kiasi cha kuhatarisha usalama wa ndoa za taifa. Nikaweka sahihi, jina langu kamili na jina la shule. Nikasimama nikawasomea. Mama Soko alilia kwa kucheka. Mzee aliniomba nirudie kile kipengele cha kwato, kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati. "Hii naihifadhi," alisema.

Wiki sita baadaye mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake akanipa barua yenye mhuri. Natakiwa kufika kwa Afisa Uhamiaji, kuhusu pingamizi langu juu ya ombi la Anselmi Soko, hususan tuhuma ya wizi wa mifugo. Niliisoma nimesimama. Sikurudi darasani. Nilikwenda moja kwa moja karakanani, nikaitupa barua juu ya meza yake ya kazi. "Ile karatasi uliipeleka wapi?"

"Niliiposti," alisema.

"Wewe mwenyewe?"

"Na stempu nikanunua. Nimeiongeza kwenye bajeti, hukuiona?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Tangazo lilikuwa limetoka mara mbili. Serikali imeuliza nchi nzima: nani anamjua mtu huyu? Wiki zimepita, hakuna aliyejibu hata neno. "Mtu akiulizwa habari zake na watu wote wakanyamaza, si ndiye mgeni huyo? Nikaona bora iende ya kwako. Imeandikwa vizuri, ina sahihi na jina la shule. Wataona nina watu wangu." Nilitaka kupiga kelele. Nilimwambia wameniuliza kuhusu wizi, kwamba huko ofisini hakuna Mngoni wala Mhehe, afisa ni mtu wa Kanda ya Ziwa na watani wake ni wengine. Taratibu nikaona uso wake unabadilika. Alichukua penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

Afisa alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alinikaribisha kiti, akanisomea barua yangu yote bila kutabasamu, hata kipengele cha ndoa za taifa. Nikamweleza utani. Alisema anaujua utani, kwao pia upo, lakini barua imeshagongwa mhuri na kuingia kwenye faili, na faili halina mahali pa kuandika kwamba watu walikuwa wanacheka. "Mwalimu, una njia mbili. Ukisema ulichoandika ni kweli, tuhuma inakwenda polisi na ombi linasimama. Sijui kama litainuka tena kabla ya mwisho wa mwaka. Ukisema si kweli, basi mtumishi wa serikali amepeleka taarifa za uongo serikalini, na mimi itabidi nimwandikie mwajiri wako." Akanipa mpaka siku ya usaili wa Mzee, tuje wote wawili. Nilitoka nikiwa sioni njia. Kazi nilikuwa nayo miezi kumi tu, na kule nyumbani Iringa kulikuwa na watu waliokula kwa kazi ile.

Usiku haukunisaidia, wala Mama Soko hakunishauri. Alinipakulia tu, akanipa firigisi. Asubuhi ya usaili nilikuwa nimeshaamua. Niliandika karatasi fupi: naondoa pingamizi langu, niliyoandika si kweli. Mzee aliniona nikiitia kwenye pochi akajua. "Usiitoe," aliniambia njiani. Amevaa lile shati jeupe, kola imemzidi shingo, penseli ameiacha nyumbani nikaona sikio lake liko uchi. "Una miaka mingi ya kazi mbele. Mimi vitanda nitatengeneza popote." Nilimwambia anyamaze, Mngoni hana akili. Lakini sauti yangu haikutoka kama utani.

Maswali ya nchi aliyajibu yote. Bendera, mlima, maziwa, mikoa yote kwa mpangilio wa mbao, ingawa mbao alizitaja kimoyomoyo, nikiona midomo yake ikicheza. Kisha afisa akafungua barua yangu. Kabla hajauliza nikatoa karatasi yangu nikaiweka mezani. Mzee akaweka kiganja juu yake. "Mheshimiwa, mtoto huyu hakusema uongo," alisema. "Ng'ombe waliibwa. Babu yangu aliwachukua kwa babu yake, wakati wa vita vyao. Tena andika kwamba sirudishi." Afisa alimtazama, akanitazama. Karani wake aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Afisa akaweka kalamu chini. "Mwalimu, hii karatasi yako siisomi, na ile nyingine naona mtuhumiwa mwenyewe ana umri mdogo kuliko kosa lake. Nitakuuliza kitu kimoja, na utakachojibu ndicho nitakachoandika. Huyu mzee apewe uraia, au asipewe?"

Kwa sheria ya utani jibu ni moja. Asipewe, afukuzwe, arudishwe alikotoka na panya wake. Mzee mwenyewe alikuwa akiningoja niseme hivyo. Nilimwona amejiweka sawa kucheka. Nami nikaitazama ile kola, nikamwona anabisha hodi mlango asioujua huko Mzimba. "Apewe," nilisema. "Ni baba yangu. Ananilisha, ananiuliza kama nimefika salama. Mkimwondoa nitakuwa sina mtu hapa Songea." Nikalia pale pale mbele ya serikali. Afisa akaandika, akafunga faili, akasema tumekwisha, tungoje.

Tulipokaribia nyumbani Mzee alisimama. "Umesema baba," alisema. Nikasema ndiyo. "Baba hataniwi." Wala hakuwa amekasirika, alisema kwa huzuni, kama mtu aliyepoteza chombo chake cha kazi. Tangu siku ile akaniita Mwalimu. Asubuhi nilipomwambia, "Hujafa tu?" alinijibu, "Sijambo, mwanangu, umeamkaje?" Mezani aliniachia ukoko wote. Aliniwekea kando kitanda kimoja kizuri cha mninga, akasema hakiuzwi, ni changu. Nilikuwa nimepata heshima ya mtoto wa nyumba, na sikuwahi kuona wiki ndefu kama zile. Mama Soko alitutazama tukila kwa adabu, akatikisa kichwa. "Nyumba imekuwa kama parokia," alisema.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeshaanza. Watu waliniambia baadaye kwamba ilikuwa bahati, wengine walingoja miaka. Vitanda sita vya mninga vilikuwa vimeshageuka ada, kiapo kikaapwa, na Jumamosi moja Mzee akaingia na cheti ndani ya bahasha ya kaki, ameifunika na mfuko wa nailoni asije akailowesha. Majirani walijaa sebuleni. Alinawa mikono kwanza, akakitoa, akakilaza mezani juu ya kitambaa cha kufuma. "Mwalimu, tusomee," alisema. Nikakisoma chote kwa sauti, jina lake, namba, mpaka sahihi ya mwisho. Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Alikuwa akinitazama, na macho yake yalikuwa yanaomba kitu ambacho mtu hawezi kukiomba kwa maneno.

Nikakikunja mara mbili, nikakitia kifuani ndani ya blauzi yangu, nikafunga kanga. "Mngoni," nilisema, "hiki nimekichukua. Ukikitaka, nifuate Iringa na kuku wawili."

Kuna mama alishika mdomo. Ile karatasi ilikuwa mwaka mzima wa chai bila sukari, na kila mtu pale aliijua bei yake. Mzee Soko alisimama, akatoa penseli sikioni akaninyooshea.

"Mhehe, mwizi wewe," alisema, na machozi yakamtoka huku akicheka, akawageukia majirani wote mmoja mmoja. "Mmemwona? Mmeona anavyonifanya? Mgeni hafanyiwi hivi. Niambieni, mgeni anafanyiwa hivi?"